Rais Akiisha Kuondoka: Kinga, Korti na Historia Yetu

Tarehe 22 Mei 2025, Seneti ya Jamhuri yetu ilipiga kura ya kumwondolea Joseph Kabila kinga yake ya seneta wa maisha. Maseneta 88 walikubali, 5 walikataa, 3 hawakuelemea upande wowote. Siku chache baadaye mhusika mwenyewe aliwasili hapa Goma, mji ulio mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari mwaka ule, akaonana na viongozi wa dini. Kisha tarehe 30 Septemba, huko Kinshasa, Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini, makosa ya kivita na mashtaka mengine.

Tangu hapo maongezi ya vijana wetu wa Himbi yamegawanyika. Wako wasemao kwamba rais aliyelitumikia taifa asisumbuliwe, la sivyo hakuna mkubwa atakayekubali tena kutoka madarakani. Wako wajibuo kwamba mwizi wa simu pale soko la Virunga alikuwa akitupwa Munzenze siku ileile, kwa hiyo mkubwa naye asipone. Hoja zote mbili zina uzito. Ndiyo sababu twaona inafaa kurudi nyuma kidogo na kuuliza jinsi kinga hii, ambayo redio zetu huiita imunite, ilivyoingia katika sheria zetu, na ni nani aliyeilipia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikumfanya rais kuwa mtu asiyeguswa. Yasema kwamba kwa makosa aliyoyatenda katika kazi yake, jaji wake ni Mahakama ya Katiba, nayo mashtaka yaamuliwe kwa theluthi mbili za wajumbe wa mabaraza mawili waliokutana katika Kongresi. Kwa makosa yaliyo nje ya kazi, kifungu cha 167 chasema mashtaka yanasimamishwa hadi muhula uishe. Neno ni kusimamishwa, hayafutwi. Hata muda wa kesi kupitwa na wakati hausogei rais awapo kitini. Mtu akilisoma neno hilo kwa utulivu ataona kwamba waandishi wa katiba walikiona kinga kuwa kitu cha kuazimwa: rais aipewa pamoja na kiti, airudisha pamoja na kiti. Kifungu cha 104 kiliongeza tu kwamba rais mstaafu aliyechaguliwa awe seneta kwa haki, maisha yake yote.

Mambo yalibadilika Julai 2018. Sheria ya tarehe 26 ya mwezi ule, juu ya hadhi ya marais wastaafu waliochaguliwa, iliwapa kinga dhidi ya mashtaka ya jinai kwa matendo waliyoyafanya katika kazi yao. Hata kwa matendo ya nje ya kazi, iliwawekea kufuli la theluthi mbili za Kongresi. Kilichoazimwa kikageuka kuwa mali.

Lakini tusiisome sheria ile kana kwamba iliandikwa katika mwaka wa amani. Muhula wa mwisho wa Rais Kabila ulikuwa umekwisha Desemba 2016, na uchaguzi haukufanyika. Maaskofu wa CENCO walisuluhisha, na mapatano yakatiwa sahihi usiku wa Mtakatifu Silvesta, tarehe 31 Desemba 2016. Mwaka ukapita bila kutekelezwa. Ndipo Kamati ya Walei ya Uratibu, walei kama sisi, ilipowaita waamini kuandamana baada ya Misa: tarehe 31 Desemba 2017, tarehe 21 Januari 2018, tarehe 25 Februari 2018. Katika maandamano ya pili aliuawa kwa risasi Thérèse Kapangala, binti aliyekuwa akijiandaa kuingia utawa, kwenye parokia ya Mtakatifu Fransisko wa Sales huko Kintambo. Katika maandamano ya tatu akauawa Rossy Mukendi, kwenye parokia ya Mtakatifu Benedikto huko Lemba. Miezi mitano baada ya hapo bunge likapitisha kinga. Mwezi uliofuata Kabila akatangaza kwamba hatagombea tena. Tarehe 24 Januari 2019 akamkabidhi Félix Tshisekedi madaraka.

Basi wale vijana wasemao kwamba kinga ilifungua mlango hawabuni. Kabla ya siku ile ya Januari, nchi hii haikuwa imepata kuona rais akimkabidhi mwingine kiti kwa mkono wake. Kasa-Vubu alipinduliwa tarehe 24 Novemba 1965. Mobutu alitoroka. Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001. Taifa lenye kumbukumbu kama hiyo laweza kukubali bei kubwa ili mtu mmoja atoke nyumbani mwa rais kwa miguu yake, na sisi hatuwalaumu waliofikiri hivyo. Tunachouliza ni kama wenye mali waliulizwa. Mama wa marehemu wa Kintambo hakuketi katika bunge lile lililoandika msamaha wa mbele.

Kuna jambo jingine la kushangaza katika historia ya mtu huyuhuyu. Tarehe 11 Aprili 2002, katika utawala wake, Kongo iliridhia Mkataba wa Roma, ambao kifungu chake cha 27 chasema kwamba cheo cha mkuu wa nchi hakimkingi mtu yeyote mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2004 serikali yake yenyewe iliipeleka hali ya Kongo mbele ya mahakama hiyo. Aliyetia nchi chini ya kanuni hiyo ndiye aliyepewa, miaka 16 baadaye, sheria ya kinyume chake.

Jirani zetu nao hawakubaliani. Katiba ya Tanzania, kifungu cha 46, yakataza kumshtaki rais mstaafu kwa jambo alilolifanya kama rais, isipokuwa kama bunge lilimwondoa kwa mashtaka. Katiba ya Kenya ya 2010 yamkinga awapo kazini tu, tena kinga hiyo haigusi makosa ambayo mkataba wa kimataifa unayakatalia kinga. Hata Marekani, Mahakama yao ya Juu ilipolazimika kuamua tarehe 1 Julai 2024, majaji waligawanyika 6 kwa 3.

Sasa tuitazame hukumu ya Kinshasa. Wengi waliishangilia, wengi waliilaani, kila mmoja kwa upande wake wa vita. Sisi twaipima kwa kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwaka 1966, Évariste Kimba, aliyekuwa Waziri Mkuu, na wenzake watatu waliokuwa mawaziri walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shtaka la kula njama dhidi ya Mobutu. Kesi ilikuwa fupi mno. Tarehe 2 Juni, katika majuma ya Pentekoste, walinyongwa hadharani mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa waitwa Uwanja wa Mashahidi kwa ajili yao. Machi 1967 ikawa zamu ya Moïse Tshombe, naye Waziri Mkuu wa zamani: alihukumiwa kifo kwa uhaini akiwa uhamishoni. Ndege yake ilitekwa ikapelekwa Algeria, naye akafia huko Juni 1969 akiwa mfungwa. Huyo Mobutu aliyewahukumu wote alikimbia Kinshasa Mei 1997, akafa Rabat Septemba mwaka uleule, bila jaji yeyote wa Kongo kumwuliza swali hata moja juu ya miaka 32.

Tukiziweka habari hizi pamoja twaona kwamba nchi yetu imezoea njia mbili za kuwatendea wakubwa walioanguka: kamba ya haraka, au mlango wa nyuma. Zote mbili zinafanana katika jambo moja, nalo ni kwamba mhusika hasemi. Mwaka 2025 kiti cha mshtakiwa kilikuwa kitupu, wala wakili wake hakuwepo. Mashtaka yote yalihusu uhusiano wake na AFC/M23. Miaka 18 ya utawala haikufunguliwa. Juu ya Kintambo na Lemba hapakuwa na neno. Mahakama iliamuru fidia ya takriban dola bilioni 33, zikiwemo bilioni 2 kwa Kivu Kaskazini, na bilioni 2 kwa Kivu Kusini. Twaitaja hesabu hiyo kwa heshima, lakini kutoka Himbi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na uwanja wetu wa ndege ulifungwa tangu Januari ile. Mjane wa Sake angefikaje kutoa ushuhuda? Na kuhusu adhabu yenyewe, msimamo wa Kanisa wajulikana: tangu 2018 Katekisimu yasema adhabu ya kifo haikubaliki, na maaskofu wetu walisikitika serikali ilipoirudisha Machi 2024. Mtu aliyenyongwa, tena, hajibu maswali.

Afrika imekwisha kuonyesha njia ya tatu. Hissène Habré alitawala Chad tangu 1982 hadi 1990, kisha akaishi Dakar kwa starehe. Wahanga waliotoka magerezani mwake, akiwemo Souleymane Guengueng, walikusanya majina na ushuhuda kwa miaka mingi, faili kwa faili, huku wakidhihakiwa. Julai 2015 kesi ikafunguliwa mbele ya mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Habré aliletwa kwa nguvu, akakataa kusema. Hata hivyo alikuwepo, mawakili wakateuliwa kumtetea, na mashahidi zaidi ya 90 wakasema mbele ya uso wake. Tarehe 30 Mei 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikufa mikononi mwa serikali Agosti 2021, na wahanga wengi walikuwa bado wanaisubiri fidia. Njia ile ina mapungufu yake. Lakini wanawake wa Chad walisikilizwa kwa majina yao, na hakuna aliyeweza kusema kwamba walihukumu kiti.

Kwa hiyo, vijana wapendwa, mkituuliza kama rais mstaafu akingwe, tunajibu hapana. Na mkituuliza kama kilichotendeka Septemba 2025 ndicho tulichokitaka, tunajibu hapana vilevile. Tungetaka jaji wa kiraia, mshtakiwa aliyepo na wakili wake, na mafaili ya utawala wote mezani: maandamano ya 2018, na pia tuhuma za fedha za umma ambazo waandishi wa habari wa nchi mbalimbali walizichapisha Novemba 2021 juu ya benki moja ya Kinshasa na watu wa karibu naye. Hizo ni tuhuma hadi jaji azipime, na kwa haki yake mwenyewe anastahili zipimwe.

Kuzipima kuna muda wake. Makosa ya kivita na yale dhidi ya ubinadamu hayapitwi na wakati. Makosa mengine mazito, kwa kanuni yetu ya adhabu, hupitwa baada ya miaka 10. Kwa yale yaliyo nje ya kazi, ambayo katiba iliyasimamishia saa, saa hiyo ilianza kusogea tena tarehe 24 Januari 2019. Itafika mwisho Januari 2029, wakati aliyepata kipaimara mwaka huu atakuwa bado hajamaliza shule ya sekondari.