Chungu cha Mgeni: Chakula cha Wachina Waliojenga Reli ya California

Mtu aendapo ugenini huweza kuacha nyuma nyumba, shamba, jamaa na makaburi ya wazee wake, lakini tumbo lake hulichukua. Ulimi wake huweza kujifunza maneno mapya kwa mwaka mmoja au miwili. Ulimi huo huo, katika kuonja, hukawia sana kusahau ladha uliyoizoea utotoni. Kwa hiyo kila kundi la wasafiri lina historia mbili. Ya kwanza ni ya kazi walizofanya, nayo huandikwa vitabuni. Ya pili ni ya vyungu walivyopika, nayo mara nyingi hupotea pamoja na moshi wake. Historia hii ya pili haistahili kudharauliwa. Ndani ya chungu cha mgeni mna afya yake, akiba yake na sehemu kubwa ya uhuru wake. Na mtu awezaye kukifunika chungu hicho ana nguvu juu ya mgeni mwenyewe. Mambo yote hayo mawili, baraka ya chungu na hatari yake, yalionekana wazi katika maisha ya Wachina walioijenga reli ya Central Pacific huko Marekani, tangu mwaka 1864 hata mwaka 1869.

Dhahabu ilivumbuliwa California mwaka 1848, na habari zake zikavuka bahari mpaka jimbo la Guangdong, kusini ya China. Jimbo hilo lilikuwa limesongwa na vita, ghasia na uhaba wa ardhi. Vijana wengi wakapanda merikebu katika bandari ya Hong Kong kwenda nchi waliyoiita Mlima wa Dhahabu. Dhahabu iliyo rahisi ilipokwisha, waligeukia kazi nyingine. Wakati huo kampuni ya Central Pacific ilikuwa imeanza kujenga reli kutoka mji wa Sacramento kuelekea mashariki, na mbele yake ilisimama milima ya Sierra Nevada. Wazungu wengi walioajiriwa waliikimbia kazi hiyo wakaenda kutafuta madini. Charles Crocker, aliyekuwa mkuu wa ujenzi, akashauri waajiriwe Wachina. Msimamizi wake, James Strobridge, alisita, akidhani watu wale wembamba hawataweza kazi ya sururu na baruti. Mapema mwaka 1865 walijaribiwa watu 50. Jaribio likafaulu, na muda si mrefu Wachina wakawa wengi wa wafanya kazi wote wa kampuni, hesabu yao ikapita 10,000.

Hapa ndipo habari ya chakula inapoanza. Mzungu wa kazi ya mikono alilipwa kiasi cha dola 35 kwa mwezi, tena kampuni ilimlisha na kumlaza. Mchina alianza kwa dola 26, mshahara ukapanda kidogo kidogo ukapita dola 30, lakini chakula chake alijitafutia mwenyewe. Wahindi waliokuja kuijenga reli ya kutoka Mombasa baada ya mwaka 1896 walikuja kwa mkataba wa mshahara pamoja na posho. Mchina wa California hakuwa na posho. Kila punje aliyokula ilitoka katika ujira wake mdogo, na akiba aliyokusudia kuwapelekea wazazi wake ilitegemea ustadi wake wa kula kwa gharama ndogo bila kudhoofika. Kampuni ilipanga hivyo kwa faida yake. Ikawa dhuluma, wala hakuna neno lingine la kuiita. Lakini waliodhulumiwa waliipokea wakaigeuza kuwa silaha yao.

Njia yao ilikuwa ushirika. Wafanya kazi waligawanyika makundi ya watu 12 mpaka 20, au zaidi kidogo, na kila kundi lilikuwa na mnyapara wake na mpishi wake. Mnyapara alipokea mishahara ya kundi zima, akanunua vyakula kwa jumla, akatoa gharama za wote, kisha akampa kila mtu kilichosalia. Mtu mmoja anunuaye mchele kwa kibaba hulipa bei ya kibaba. Watu ishirini wanunuao kwa gunia hulipa bei ya gunia. Kuni za chungu kimoja hutosha watu ishirini, na mshahara wa mpishi mmoja, ukigawanywa na ishirini, si mzigo kwa mtu yeyote. Waswahili husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wachina hawa walikijaza kibaba chao kwa kuunganisha haba za wengi, na kwa sababu hiyo mtu aliyelipwa kidogo kuliko mwenzake Mzungu aliweza mara nyingi kuweka akiba aliyoitamani Mzungu huyo.

Tena ukubwa wa akiba hiyo haukutokana na ubaya wa chakula. Mwandishi Charles Nordhoff, aliyezuru California mwanzoni mwa miaka ya 1870, alilitazama duka lililowauzia vyakula Wachina wa reli, akaandika orodha ambayo ingemtia haya mpishi wa kambi za Wazungu. Mlikuwamo mchele na chai. Chaza, ngisi na samaki waliokaushwa. Mwani, uyoga na machipukizi ya mianzi. Kabichi ya chumvi, tambi, sukari na mafuta ya karanga. Matunda makavu ya namna nne na mboga kavu za namna tano. Na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Waliweza pia kununua nyama mbichi ya nguruwe kwa mchinjaji, na siku za sikukuu walikula kuku na ndege wengine wa kufugwa. Mchele na vitu vingi vingine vilivuka bahari kutoka China. Vingine vilipatikana California kwenyewe, maana Wachina wengine walikuwa wamelima bustani za mboga, na wengine wamefungua vijiji vya uvuvi pwani ya Monterey, wakakausha kombe za baharini ambazo wenyeji Wazungu hawakuzithamini.

Vyakula vikavu ni vyepesi kubeba, haviozi upesi, na vichache hukoleza wali mwingi. Msafiri wa jangwani na baharia wa jahazi wanaijua hekima hiyo. Upande wa pili wa kambi, Wazungu walikula nyama ya ng'ombe, viazi, maharagwe na mkate, siku baada ya siku, wakateremshia kahawa na maji ya vijito. Mboga kwao zilikuwa chache.

Maji hayo ndiyo yaliyotofautisha afya ya makundi mawili. Kambi ya watu maelfu huchafua vijito vyake, na tumbo la kuhara liliwaangusha wengi waliokunywa maji mabichi. Wachina walikunywa chai. Kutwa nzima wachukuzi wa chai walikwenda na kurudi kati ya meko na mahali pa kazi, wamebeba mzega begani, na katika kila ncha ya mti limening'inia pipa dogo lililokuwa kwanza la baruti. Alfred Hart, mpiga picha wa kampuni, alimpiga picha mchukuzi mmoja wa namna hiyo karibu na mlango wa handaki. Elimu ya vijidudu vya maradhi ilikuwa bado changa, lakini maji yaliyochemshwa kwa ajili ya chai yalikuwa yamekwisha safishwa, ajue mnywaji sababu au asijue. Jioni kazi ikiisha, mpishi alikuwa ameweka tayari mapipa ya maji ya moto, watu wakaoga na kubadili nguo kabla ya kula. Kwa hiyo dola zilizotolewa kwa ajili ya mpishi zilinunua wali, zikanunua na afya.

Walakini nguvu ya chungu hiki ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana mwaka 1867. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali mno. Dhoruba 44 za theluji zilihesabiwa milimani, na watu walipitisha miezi katika vibanda vilivyofunikwa, wakitembea kwa njia zilizochimbwa ndani ya theluji. Kazi kubwa ilikuwa handaki la kileleni, lenye urefu wa mita 500 na zaidi, lililochimbwa katika jiwe gumu kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika juma la mwisho la Juni, Wachina yapata 3,000 waliweka chini sururu zao. Walitaka dola 40 kwa mwezi na saa za kazi zipunguzwe, hasa kwa wachimbao mahandaki. Hawakupigana na mtu wala hawakuvunja kitu. Walikaa kambini mwao kwa utulivu, hata Crocker mwenyewe akakiri baadaye kwamba Wazungu wasingaliweza kugoma kwa adabu namna ile.

Crocker hakuhitaji bunduki kuuvunja mgomo huo. Mchele ulipanda milimani kwa reli ya kampuni mpaka kituo cha Cisco, na kutoka hapo ukaendelea kwa magari ya kukokotwa. Mwenye reli alikuwa ndiye mwenye njia ya chakula, naye akaifunga. Vyakula vikazuiwa, wachinjaji wakakatazwa kuchinja, na watu maelfu wakabaki kileleni pasipo shamba, pasipo duka na pasipo rafiki. Mithali ya Kiswahili yasema: adui mwombee njaa. Crocker hakuwa na haja ya kuiombea, aliileta. Baada ya yapata juma moja alikwenda kwao akawaambia kwamba masharti hayatabadilika, na watu wakarudi kazini kwa dola 35 walizokuwa wameahidiwa kabla ya mgomo.

Tukio hili linastahili kufikiriwa kwa makini. Kundi la watu ishirini liliweza kulitawala jiko lake, likajua kununua, kugawa na kuhifadhi. Mpishi alikuwa wao, chungu kilikuwa chao, mchele waliulipia kwa jasho lao. Kitu kimoja tu hakikuwa chao, nacho ni njia ya kuuleta mchele huo, na upungufu huo ukatosha kuyabatilisha yote mengine.

Reli ya mashariki na ya magharibi zilikutana Promontory Summit, katika nchi ya Utah, tarehe 10 Mei mwaka 1869. Kazi ilipokwisha, shukrani nazo zilikwisha. Hesabu ya watu ya mwaka 1870 ilipata Wachina 63,199 katika Marekani yote, na wengi walikuwa sasa wakitafuta kazi mijini na mashambani. Hapo sifa yao ya kuishi kwa gharama ndogo iligeuzwa kuwa mashtaka. Ilisemwa kwamba mla nyama hawezi kushindana na mla wali, kwa kuwa mla wali hutosheka na ujira usiomtosha mtu. Sheria ya mwaka 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Ulipofika wakati wa kuitia nguvu zaidi, mwaka 1902, Shirikisho la Wafanya Kazi wa Marekani, lililoongozwa na Samuel Gompers, lilitetea sheria hiyo kwa kijitabu ambacho jina lake lenyewe liliweka nyama upande mmoja na mchele upande wa pili, kana kwamba ni mataifa mawili yanayopigana vita.

Mashtaka hayo yalikuwa na uongo wa namna mbili. Kwanza, meza ya Mchina wa reli haikuwa ya wali mtupu. Ilikuwa na vyakula vya namna nyingi kuliko meza ya mshtaki wake. Pili, ujira mdogo haukutokana na wali. Ulitoka katika mkono wa mwajiri, na Wachina wenyewe waliukataa waziwazi mwaka 1867, wakashindwa kwa njaa. Mtu akinyimwa mshahara wa haki kisha akajua kuishi kwa ule anaopewa, ni vibaya kuutumia ustadi wake kuwa ushahidi kwamba hastahili zaidi.

Sheria hiyo ilidumu hata mwaka 1943. Lakini haikuwazuia wafanya biashara, na mwaka 1915 uamuzi wa mahakama uliwahesabu wenye mikahawa mikubwa katika daraja hiyo. Tangu hapo mtu mwenye mkahawa aliweza kusafiri na kuwaleta watu wake, na mikahawa ya Kichina ikaongezeka sana katika miji ya Marekani. Chakula kilichotajwa kuwa sababu ya kuwafukuza kikawa mlango wa kuingilia, na watoto wa waliokidharau wakajipanga foleni kukinunua.

Ama wajenzi wenyewe, hawakuacha neno lao. Katika maelfu hayo, haijapatikana hata barua moja wala kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa na mmoja wao juu ya kazi ile, si Marekani wala China. Kilichosalia kimo ardhini. Wachimbuaji wa mambo ya kale, katika kambi za kileleni na kando ya njia ya reli, wameokota vipande vya mitungi ya rangi ya kahawia iliyochukua mchuzi wa soya na mboga za chumvi, vipande vya bakuli za wali zilizochorwa mianzi, na mifupa ya nguruwe yenye alama za kisu cha mpishi. Huo ndio ushahidi wao. Picha mashuhuri ya sherehe ya Promontory imejaa nyuso za Wazungu, na mwenye kuwatafuta Wachina katika picha hiyo hutoka karibu mikono mitupu. Awatafute mahali walipopika. Hapo atawakuta wameketi kundi kwa kundi, wameoga, wana chai ya moto mkononi, na mnyapara anahesabu gharama za mwezi, ili kila mmoja ajue ni dola ngapi zitakazovuka bahari kwenda kwa mama yake.