Sanadi Isiyo na Wapokezi

Tuseme mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru ambayo wamisheni wa CMS (Church Missionary Society) waliyaanzisha upande wa Kisauni, Mombasa, mwaka 1875. Anaiomba programu ya akili unde marejeleo kumi. Atapewa kumi, yote yakiwa na mwandishi, mwaka, jarida na kurasa. Baadhi yatakuwa ya kweli. Mengine huenda hakuna aliyewahi kuyaandika.

Modeli ya lugha ikijibu kwa kumbukumbu yake yenyewe haifungui katalogi. Hukisia neno lipi lifuate lipi. Frederick Cooper alichapisha mwaka 1987 kitabu kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Mombasa. Jina lake likishazoeana na la mji huu, modeli yaweza kumtwika makala kuhusu Changamwe asiyoijua, na anwani ikafanana na zake hasa.

Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kutegemea hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Mawakili wa upande wa pili walizitafuta wasizione, na kutoonekana kwake kukawa ushahidi, kwani hukumu za kule zimehifadhiwa na hutafutika. Kwetu sivyo. Mtafiti wa Likoni asipoiona makala hudhani imeadimika tu, kama zilivyoadimika nyingi za kweli. Uhaba wa maktaba zetu unaukinga uongo.

Pwani ina elimu kongwe ya jambo hili. Wanafunzi wa hadithi za Mtume hufunzwa kwamba matini haipokelewi mpaka sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ichunguzwe: nani kamsikia nani, je, walikutana, je, walikuwa wakweli? Wazushi wa kale nao walijua kutunga sanadi za kupendeza, ndiyo maana wanazuoni wakawachunguza wapokezi mmoja mmoja. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji tunaweza kuyafuatilia hivyo: Mwalimu Sikujua aliyahifadhi, W. E. Taylor akayapata kwake, Hichens akayachapisha mwaka 1940. Marejeleo ya kubuni yana umbo la sanadi, lakini ndani hamna mtu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwanafunzi aliyekaa barazani na mzee wa Kengeleni, akaelezwa jinsi kengele ya wamisheni wa Frere Town ilivyokipa kitongoji hicho jina, huulizwa: "Hayo yamechapishwa wapi?" Mwenzake mwenye makala isiyokuwako hupita, kwa kuwa ina juzuu na kurasa. Naamini mtahini anapaswa kuchagua marejeleo matatu au manne na kumwambia mtahiniwa ayalete mezani, ayafungue, aonyeshe ukurasa. Na mahojiano ya yule mzee, yakiwa na jina lake kwa idhini yake, siku na mahali, yahesabiwe marejeleo kamili.