Kadi ya Grafiki Inapona Wiki 2 Halafu Inakufa: Kabla Hujamuita Fundi Tapeli, Soma Hii Stori

Wadau, mwezi uliopita nusura watu wazima wazichape kwa sababu ya laptopu. Kuna jamaa anashuti na kuediti video za wasanii, simtaji jina, na nyie mnaoanza kubahatisha huko chini mtakosea kama kawaida yenu. Laptopu yake ilianza kutoa mistari kwenye kioo. Akaipeleka kwa fundi, akalipa elfu 80, ikapona. Baada ya wiki 2 mistari ikarudi. Akalipa tena, ikapona, ikakaa siku 10. Mara ya tatu akakataa kulipa, akamburuza fundi hadi kwa mjumbe wa mtaa akisema huyu ni mwizi, anaichezea laptopu makusudi ili nirudi. Ndani ya hiyo laptopu kulikuwa na video ya harusi ya watu na video ya msanii aliyeshalipa nusu.

Mjumbe alikuwa hajui hata kadi ya grafiki ni nini. Mimi nikaitwa kama "kijana anayejua mambo ya mitandao". Nami kiukweli sikuwa na jibu siku ile. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni stori ya zaidi ya miaka 15, ina makampuni makubwa ya dunia, mahakama, na watu wanaooka bodi za kompyuta kwenye oveni kama mikate. Naileta kwenu.

Tuanze na kitu chenyewe. Kadi ya grafiki kwenye laptopu nyingi siyo kadi ya kuchomoa na kuchomeka kama kwenye kompyuta ya mezani. Ni chipu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ukiitazama kwa juu unaona kijiwe kinachong'aa kama kioo, kimekaa juu ya kibao kidogo cha kijani. Hapo sasa ndipo penye siri. Kuna madaraja mawili ya kuchomelea. La kwanza lipo ndani, kati ya kijiwe na kibao chake: vinundu vidogo mno, huwezi kuviona, na vimezungukwa na gundi maalumu. La pili lipo chini, kati ya kibao na bodi kuu: vigololi vikubwa kidogo, mamia kwa mamia. Fundi wako anaweza kuvigusa vigololi. Vinundu vya ndani hawezi. Shikeni hilo, tutarudi.

Chipu ikifanya kazi inapata moto. Asubuhi ipo baridi, unawasha, unafungua gemu au unaediti video, inafika digrii 80 au 90, unazima, inapoa. Kijiwe cha silikoni kinatanuka kidogo sana kikipata moto, kibao kilicho chini yake kinatanuka mara kadhaa zaidi. Wawili wamefungwa pamoja lakini kila mmoja anavuta upande wake, kila siku, na anayeumia ni kinundu kilicho katikati. Chukua kijiko cha bati ukipinde huku na huku. Mara ya 1 hakivunjiki, hata ya 10, lakini siku moja kitakatika tu.

Sasa twende 2007. Kampuni ya HP ilikuwa inauza laptopu za Pavilion dv2000, dv6000 na dv9000, zile nyeusi zinazong'aa, wengi tulizikuta kwa kaka zetu. Malalamiko yakawa mengi: laptopu inawaka taa lakini kioo cheusi, nyingine Wi-Fi inapotea kabisa kama haikuwahi kuwepo. Mwishoni mwa mwaka huo HP ikaongeza muda wa waranti kwa baadhi ya modeli na kutoa toleo jipya la BIOS. Hiyo BIOS kazi yake kubwa ilikuwa nini? Kuifanya feni izunguke muda wote. Yaani dawa ilikuwa kupuliza, kama unavyopuliza chai.

Bomu lenyewe likalipuka tarehe 2 Julai 2008. NVIDIA, watengenezaji wa chipu, walitangaza kwamba wanatenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya waranti na matengenezo, kwa sababu baadhi ya chipu zao za laptopu zilikuwa zinakufa kupita kiwango cha kawaida. Walisema tatizo ni udhaifu wa malighafi za kijiwe na ufungaji wake, na wakaongeza kidogo kwamba hata namna laptopu zilivyopangwa kupoza joto ina mchango. Si unajua tena, lawama haipendi kulala nyumba moja. Kesho yake hisa zao zikashuka kama asilimia 30.

Mwezi huohuo Dell nao wakatoa orodha ya modeli zao, XPS M1330 ikiwemo, na BIOS mpya. Na yenyewe, safari hii mtashangaa, ilikuwa inabadilisha mwendo wa feni! Wateja wakachukia, maana feni haitibu kinundu kilichokwisha kupasuka, inakusogezea tu siku ya msiba mbele, labda mpaka waranti iishe. Hapo mimi nipo na wateja. Kama unajua kitu ni kibovu halafu unaongeza upepo, umefanya ujanja.

Apple walikuwa wa kuvutia zaidi. NVIDIA iliwahakikishia kwamba kompyuta zao hazimo. Apple wakachunguza wenyewe, na Oktoba 2008 wakatoka hadharani kusema kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT, zilizotengenezwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008, zinaweza kuwa na ugonjwa huo, na watazitengeneza bure hata kama waranti imeisha. Walianza na miaka 2 tangu kununua, baadaye wakaongeza.

Huku nyuma kulikuwa na tovuti ya habari za teknolojia ya Uingereza, The Inquirer, iliyokuwa inawachokonoa NVIDIA kila wiki, ikidai ugonjwa ni mpana kuliko wanavyokiri. Mwandishi wao mmoja alifikia hatua ya kutafuta chipu ikatwe katikati na kupigwa darubini ili ionekane ndani kuna vinundu vya aina gani. Umbea wa kiwango cha maabara. Maelezo yao kwa kifupi: vinundu vilikuwa vya risasi nyingi sana, ambayo inachoka vibaya ikipindwapindwa, na gundi iliyovizunguka ilikuwa inalainika mapema chipu ikipata moto, hivyo ikawaacha vinundu vibebe mzigo wenyewe.

Kesi ikaenda mahakamani California, na mwishoni mwa 2010 makubaliano yakapitishwa. Wenye Dell na Apple zilizohusika walitengenezewa. Wenye HP wengi wakapewa laptopu ya Compaq ya bei ya chini kama mbadala. Fikiria ulinunua mashine ya bei mbaya, unarudishiwa ya kuanzia maisha. Kelele zilipigwa sana.

Na msidhani ni NVIDIA peke yao. Julai 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa sababu ya Xbox 360 zilizokuwa zinawaka taa nyekundu 3 na kufa. Mwaka 2021, kwenye filamu yao wenyewe ya historia ya Xbox, wahusika wakaeleza kwamba viungo vilivyokuwa vinakatika vilikuwa ndani ya chipu, siyo vile vya chini vinavyoigusa bodi. Halafu zikaja MacBook Pro za 2011 za inchi 15 na 17, chipu safari hii za AMD: mistari, rangi za ajabu, kioo cheupe. Watu walilalamika miaka, wakafungua kesi 2014, na Februari 2015 Apple wakaanza kuzitengeneza bure.

Sasa turudi kwa fundi, maana yeye ndiye aliyekuwa anasubiri hukumu.

Miaka hiyo ya 2008 kwenda mbele, watu mitandaoni waligundua muujiza: ukiipa moto bodi iliyokufa, inafufuka. Wengine walizifunika Xbox kwa taulo mpaka zichemke. Wengine wakaweka kadi za grafiki kwenye oveni kama digrii 200 kwa dakika 8 au 10. Mtu mmoja anayefanya kazi iFixit, tovuti ya kufundisha matengenezo, aliandika jinsi alivyooka bodi ya MacBook yake karibu digrii 170, zaidi ya mara moja, na kutoboa matundu chini ya boksi lake ili ipumue. Ilikuwa inapona na kufa, inapona na kufa. Mnaona inafanana na nini?

Maelezo ya mtaani yakawa hivi: kuanzia Julai 2006 Ulaya ilipiga marufuku risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vikahamia kwenye mchanganyiko wa bati usio na risasi, huo ni mgumu na unapasuka, kwa hiyo ukiuyeyusha upya unajiunga. Ndiyo biashara ya blowa ikazaliwa, na baada yake riboli, yaani kung'oa chipu, kufuta vigololi vyote na kupanga vipya vyenye risasi. Ni kazi ya mikono haswa, namheshimu anayeiweza.

Ila hesabu haikubali. Vigololi visivyo na risasi vinayeyuka kwenye digrii 217 hivi. Vile vya risasi na bati vya zamani, 183. Vinundu vya ndani vya risasi nyingi vinataka karibu 300 na zaidi. Sasa aliyeoka kwa digrii 170 aliyeyusha nini? Hakuyeyusha chochote. Na bado kompyuta iliwaka! Maana yake moto ulilainisha gundi na kutanusha vitu ndani, nyufa zikagusana kwa muda, umeme ukapita. Ukianza tena kuwasha na kuzima, zinaachana. Hata riboli kwa chipu ileile inaangukia hapohapo: fundi amebadilisha vigololi, ambavyo pengine vilikuwa vizima, na kilichosaidia ni ule moto wa kung'olea. Dawa halisi ni chipu mpya kabisa, na iwe ya toleo lililorekebishwa. Chipu nyingi zina namba 4 za tarehe juu yake, mfano 0748 ni wiki ya 48 ya mwaka 2007, kwa hiyo msilishwe chipu ya zamani iliyosuguliwa ikang'aa.

Kwa hiyo fundi wetu hakuwa mwizi. Alikuwa anafanya alichofundishwa na aliyemfundisha, ambaye naye alikiona kinafanya kazi kwa macho yake. Kosa lake, na nilimwambia hivyo mbele ya mjumbe, ni moja: mara ya pili alishajua haitadumu na akachukua hela nzima bila kusema. Alikaa kimya kidogo, akakubali. Akarudisha elfu 60.

Laptopu je? Tulianza kwa kupima, kitu ambacho kilitakiwa kifanyike siku ya kwanza kabla ya blowa. Tukaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Kama mistari ingekuwa kwenye kioo cha laptopu tu na televisheni safi, tungeshuku kioo au waya wake, kazi ndogo. Mistari ilikuwa kote kuwili. Tukaangalia kama inatokea hata kabla Windows haijaanza, kwenye ile nembo ya kuwakia: ipo. Basi siyo programu. Ingekuwa inakuja baada ya Windows tu, tungejaribu kwanza kufuta draiva na kuwasha kwa hali salama. Feni tukaisafisha, vumbi lilitoka kama godoro la sufi, na dawa ya kupozea juu ya chipu ilikuwa imekauka kama udongo, tukapaka mpya. Joto likashuka, mistari ikabaki.

Bahati yake, ile ni laptopu ya aina iliyokuwa inatumika maofisini, iliyokuja kwetu kama mtumba, na ina kadi 2: ile kubwa iliyokufa, na ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Kwenye BIOS kulikuwa na sehemu ya kuzima kubwa. Fundi ndiye aliyeipata, siyo mimi. Tukazima, tukawasha, kioo safi. Kitu cha kwanza jamaa alichofanya ni kunakili harusi ya watu kwenye diski ya nje huku mikono inamtetemeka.

Bado anaitumia. Video ya dakika 4 anaiacha itoke usiku akiwa amelala, na msanii wake ameshaambiwa asipige simu kabla ya saa 3 asubuhi. Kama una laptopu ya mistari na umeshapigiwa blowa, niambie hapo chini ilikaa siku ngapi kabla ya kurudi.