Basalti ya Olduvai na Kalenda ya Bahari

Tarehe 17 Julai 1959, katika korongo la Olduvai, Tanganyika, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza mtelemkoni. Lilikuwa fuvu la zamadamu. Mumewe, Louis, alilikisia kuwa la miaka 600,000 hivi.

Umri wenyewe ulikuwa umefichwa kwenye majivu. Pale Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, volkano za nyanda za Ngorongoro zilitapika majivu yaliyotanda tabaka juu ya tabaka, yakagandamana yakawa mwamba. Humo mna fuwele ndogo za feldispa zenye potasiamu, na chembe chache za potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi hutoroka. Ukishapoa, hunaswa na kuanza kulimbikizana. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, Marekani, waliipima gesi hiyo, na pamoja na Leakey wakatangaza miaka milioni 1.75.

Ubishi ukazuka. Maabara ya Heidelberg, Ujerumani, ilipima basalti, yaani mwamba wa lava, iliyo chini ya majivu hayo ikapata miaka milioni 1.3 tu, na msingi hauwezi kujengwa baada ya ukuta. Lakini jiwe lililoliwa na maji na hewa hupoteza agoni, likaonekana changa kuliko lilivyo. Mwaka 1965 njia tofauti kabisa, ya kuhesabu makovu yanayoachwa na urani inapopasuka ndani ya kioo cha volkano, ilitoa takriban miaka milioni 2, na Berkeley wakapata nguvu.

Binafsi naona jambo jingine lililotokana na basalti hiyo ni kubwa zaidi, ingawa husimuliwa mara chache. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichunguza usumaku wa basalti ileile. Lava inapopoa, madini yake ya chuma hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo. Basalti ya Olduvai ilielekea kaskazini kama dira ya leo, ilhali ilitoka katika enzi ambayo sumaku ya dunia kwa jumla ilikuwa imepinduka. Kipindi hicho kifupi cha mwelekeo kama wa leo kikaitwa Olduvai.

Mwaka 1966 Walter Pitman na James Heirtzler walisoma usumaku wa sakafu ya Pasifiki ya kusini. Kila upande wa safu ya milima iliyozama humo, ambako lava hupoa na kuwa sakafu mpya inayosogea pande zote mbili, mistari ya usumaku ililingana na ya upande wa pili, na mstari wa Olduvai ulikuwemo. Kwa kuwa umri wake ulijulikana, umbali wake kutoka kwenye safu ulionyesha kasi ya sakafu kutanuka: sentimita kadhaa kwa mwaka.