Nani Husema kwa Niaba ya Mungu?

Miaka 3,000 iliyopita, katika mji wa Thebes huko Misri, kesi ya wizi au ugomvi wa shamba uliweza kuamuliwa na mungu mwenyewe. Siku ya sikukuu sanamu ya Amun ilitolewa katika hekalu la Karnak ikiwa ndani ya mashua takatifu, makuhani wameibeba mabegani. Mwenye shauri alijitokeza njiani, akauliza. Mashua ikisogea mbele, jibu ni ndiyo. Ikirudi nyuma, hapana. Kwa utaratibu huo watu walipandishwa vyeo na washitakiwa wakaachiwa huru, na ilipofika karibu mwaka 1080 K.K. kuhani mkuu Herihor alikuwa anachonga jina lake hekaluni kwa namna wanavyochongewa mafarao. Watu waliamini kwamba Amun amesema. Lakini miguu iliyosogea ilikuwa ya makuhani.

Tangu hapo tawala za kidini zimekuwa nyingi, na dini zenyewe zinatofautiana mno, ila jambo hilo halijabadilika. Mungu hashuki kusaini amri. Lazima awepo mtu wa kusema sheria yake ni ipi na inamgusa nani leo. Kwa hiyo, anayetaka kujua utawala wa aina hiyo una maana gani asiishie kuuliza unafuata kitabu gani. Aulize nani amepewa kukifasiri, na akikosea nani anaweza kumwambia.

Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyeandika akiwa Roma baada ya Hekalu la Yerusalemu kuteketezwa mwaka 70 B.K., aliwaeleza wasomaji wa Kigiriki kwamba mataifa mengine yaliwapa mamlaka wafalme, wakubwa wachache au umma, ila Musa alimkabidhi Mungu mamlaka yote. Maelezo hayo ni mazuri. Kurasa hazijafunuliwa nyingi, anawataja makuhani kuwa ndio wasimamizi wa mambo, na kuhani mkuu juu yao.

Katika Uislamu swali hilo lilizuka waziwazi Baghdad mwaka 833. Khalifa al-Ma'mun aliagiza makadhi na maulamaa wahojiwe: je, Kurani imeumbwa, au ni neno la Mungu lisilo na mwanzo? Alitaka waseme imeumbwa, na aliyekaidi alihatarisha kazi yake na uhuru wake. Mwanazuoni Ahmad ibn Hanbal alikaidi. Chini ya khalifa aliyefuata, al-Mu'tasim, alichapwa mijeledi na hakubadili kauli. Al-Mutawakkil, aliyeshika ukhalifa mwaka 847, akaukomesha mtihani huo. Matokeo yake yalidumu kwa karne nyingi: mtawala wa Kisunni alishika jeshi na hazina na kuwateua makadhi, lakini elimu ya sheria waliyoitumia makadhi hao ilikaa mikononi mwa maulamaa, nje ya kasri. Kwa hiyo dola nyingi za Kiislamu katika historia hazikutawaliwa na wanazuoni. Zilitawaliwa na masultani waliolazimika kuwasikiliza wanazuoni, au angalau kujifanya wanawasikiliza.

Maibadhi wa Oman, Waislamu wa madhehebu mengine, walijaribu njia nyingine. Kwao imamu, yaani mtawala, hakulazimika kutoka katika Kuraishi, kabila la Mtume, wala katika kizazi chake. Alichaguliwa na maulamaa pamoja na wakuu wa makabila kwa elimu na uchamungu wake, akapewa kiapo cha utii, na akiivunja sheria aliondoshwa. Asipopatikana anayefaa, kiti kiliweza kubaki wazi. Imamu wao wa kwanza, al-Julanda bin Mas'ud, alichaguliwa karibu mwaka 750. Mwaka 1624 maulamaa waliokutana Rustaq walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi, na ukoo huo ndio uliowafukuza Wareno Oman. Mwaka 1698, chini ya Imamu Saif bin Sultan, Waomani waliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Ushindi ulileta mali, na mali ikaleta warithi. Uimamu uliokuwa wa kuchaguliwa ukaanza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Ilipofika mwaka 1718 hivi imamu mwingine wa ukoo huo alifariki akiacha mtoto mdogo, naye akiitwa Saif. Makabila yalimtaka huyo huyo. Maulamaa walijua kwamba mtoto ambaye hajabaleghe hawezi kuwa imamu wa watu wazima. Tarehe za Oman zinasimulia kwamba kadhi Adi bin Sulaiman, akiwa mbele ya umati wenye silaha, alitamka kwa Kiarabu kwamba "mbele yenu yupo Saif", maneno ambayo masikioni mwa waliokuwa na hamu yalisikika kama "imamu wenu ni Saif". Umati ukashangilia na kutawanyika. Kadhi hakusema uongo, na mtoto hakuwa imamu. Baadaye maulamaa walimchagua kwa siri Muhanna bin Sultan. Ujanja huo haukusaidia kitu: Muhanna aliuawa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, Waajemi wakaingia nchini, na katika magofu hayo akainuka Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi.

Mjukuu wake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja. Wazungu walizoea kumwita Imamu wa Muscat, ila hakuwahi kuchaguliwa kushika uimamu. Nguvu yake ilikuwa biashara, mikarafuu, utumwa na majahazi, na katika dola yake kadhi wa Kisunni na kadhi wa Kiibadhi walihukumu kila mmoja watu wake. Huko milimani Oman ndoto ya imamu wa kuchaguliwa haikufa. Ilifufuka mwaka 1913 alipochaguliwa Salim bin Rashid al-Kharusi, na mshairi Nasir bin Salim al-Bahlani, aliyekuwa kadhi Zanzibar, akamuunga mkono kwa tungo zake kutoka ng'ambo. Uimamu huo uliishikilia Nizwa mpaka mwaka 1955, sultani wa ukoo wa Busaidi alipouteka mji huo kwa msaada wa Waingereza.

Oman ilikuwa na dawa ya mtawala anayekosea, yaani kumwondosha imamu, hata kama mara nyingi upanga uliitangulia. Dola ya Papa nchini Italia haikuwa nayo kabisa. Kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi majeshi ya Italia yalipoingia Roma tarehe 20 Septemba 1870, Papa alikuwa pia mfalme mwenye kodi, askari na magereza. Juni 1858, usiku, polisi walibisha hodi katika nyumba ya Mortara, familia ya Kiyahudi mjini Bologna. Walimfuata Edgardo, mtoto wa miaka 6. Msichana Mkatoliki aliyewahi kufanya kazi humo ndani alikuwa amesema kwamba mtoto huyo alipokuwa mchanga na mgonjwa, alimbatiza kwa siri. Sheria ilikuwa fupi: aliyebatizwa ni Mkristo, na mtoto Mkristo halelewi na Wayahudi. Edgardo akapelekwa Roma. Wazazi walilia, magazeti ya Ulaya yakapiga kelele, serikali ya Ufaransa ikasihi. Papa Pius IX alikataa, na mtoto akakua akawa padri. Wazazi wake wangekata rufaa wapi? Aliyetunga sheria, aliyehukumu na aliyejitwika ulezi wa mtoto alikuwa mtu mmoja. Tangu mwaka 1929 Papa ana dola ya hekta 44 tu, na mamlaka yake humo bado ni kamili, ila hakuna tena familia za Bologna chini yake.

Waprotestanti hawakupona ugonjwa huo. Geneva ya Jean Calvin ilikuwa na baraza la wachungaji na wazee lililokutana kila Alhamisi kuwahoji watu juu ya kucheza dansi, kugombana na wake zao au kuendelea kusali kwa Kilatini. Mwaka 1553 halmashauri ya mji ilimchoma moto Michael Servetus kwa kuukana Utatu. Huko Massachusetts, sheria ya mwaka 1631 iliwapa haki za uraia, pamoja na kura, wanaume waumini wa kanisa peke yao. Mchungaji Roger Williams alipopinga serikali kuingilia dhamiri za watu, walimfukuza. Mwaka 1636 akaanzisha Providence, mji ambao wakuu wake walihusika na mambo ya kiraia tu. Alikuwa mtu wa dini kupindukia, na alichoogopa zaidi ni kanisa kuchafuliwa na serikali.

Iran ya mapinduzi ya mwaka 1979 ndiyo iliyolipa swali hili muundo wa kikatiba. Kwa karne nyingi maulamaa wengi wa Kishia walikaa mbali na kiti cha utawala wakimngoja Imamu wao wa mwisho, aliyeghibu. Ruhollah Khomeini, aliyekuja kuongoza mapinduzi hayo, katika mihadhara aliyoitoa Najaf mwaka 1970, alisema kungoja si sababu ya kuacha sheria ya Mungu. Fakihi, yaani mjuzi wa sheria hiyo, anapaswa kutawala. Ayatollah Shariatmadari, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa wakati huo, alipinga nadharia hiyo na akaishia kufungiwa nyumbani. Katiba ya Iran inasema fakihi huyo, Kiongozi Mkuu, anachaguliwa, na anaweza kuondolewa, na baraza la wanazuoni lililopigiwa kura na wananchi. Lakini wagombea wa baraza hilo huchujwa na Baraza la Kulinda Katiba lenye watu 12, ambao 6 kati yao, mafakihi, huteuliwa na Kiongozi Mkuu mwenyewe. Anayepaswa kuchungwa anashika sehemu ya funguo za wachungaji wake.

Mwaka 1988 Khomeini alikwenda mbali zaidi: aliandika kwamba serikali ni miongoni mwa hukumu za msingi za Uislamu, na maslahi yake yanatangulia hata sala, saumu na hija. Mwaka huohuo maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliuawa. Ayatollah Montazeri, aliyekuwa ameteuliwa kumrithi, alipinga mauaji hayo kwa hoja za dini ileile, na Machi 1989 akavuliwa urithi. Khomeini alipofariki, uongozi ulimwangukia Ali Khamenei, aliyekuwa na daraja la chini kielimu. Katiba ilirekebishwa ili sharti la kuwa marja, yaani mwanazuoni wa daraja la juu kabisa, liondolewe. Dola iliyojengwa juu ya hoja kwamba mjuzi zaidi ndiye atawale ililegeza kipimo cha ujuzi ilipobidi.

Kwetu Afrika Mashariki dini imepewa nafasi nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na hapohapo inatambua mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Kadhi huyo anaifasiri sheria ya Mungu kama walivyoifasiri waliomtangulia. Ila asiyeridhika na hukumu yake anaweza kukata rufaa, na Katiba iko juu yake kama ilivyo juu ya hakimu yeyote. Mwenye imani kali anaweza kuona hapo dini imepunguziwa heshima. Historia inaonyesha kwamba dini hupungukiwa zaidi mfasiri wake anapokabidhiwa polisi, kwa sababu tangu siku hiyo kila kosa la serikali huandikwa kwa jina la Mungu, na msomi mchamungu kama Montazeri anayelisahihisha huhesabiwa kuwa adui wa Mungu.