Buriani, Fundi

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa Butiama, mazikoni. Aliyezikwa hakuwa mtu mkubwa kwa hesabu ya wakubwa. Alikuwa seremala. Jina lake silitaji, kwa kuwa wafiwa bado wako matangani. Lakini toka Musoma mjini hadi Bunda watu walimjua kwa jina moja tu, Fundi, na sisi aliotufundisha kazi tulimwita Mwalimu.

Kumwita mtu Mwalimu katika mkoa wa Mara si jambo jepesi, kwani jina hilo lina mwenyewe. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akafundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha chaki mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Tangu Oktoba 1999 amelala pale pale Butiama. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba aliyoyaandika Mwalimu, Fundi aliyatenda.

Machi 1967 Mwalimu alitoa kijitabu chake, Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule zinazomtenga mtoto na kazi za wazazi wake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa mambo mawili: kila mtoto apate shule ya msingi ifikapo 1977, na anayetaka Chuo Kikuu afanye kazi kwanza. Kilichosahaulika ni kiini chake, kwamba kazi iwe sehemu ya masomo.

Miaka ile viliongezwa vituo vya ufundi kwa vijana waliomaliza darasa la saba. Fundi alifundisha katika kimoja. Misumeno ikaisha meno, mbao hazikuletwa, na siku moja mlango ukafungwa. Fundi akatuita vijana sita chini ya mwembe wa nyumbani kwake, Nyasho, akatufundisha kwa vifaa vyake mwenyewe.

Stuli yangu ya kwanza tundu lilikuwa pana kuliko ulimi wa mguu. Nikajaza unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Ilipendeza kweli. Fundi akaikalia, akajitikisa kidogo, akainuka na kunipa nyundo.

"Vunja, mwanangu. Ubao haudanganywi. Na atakayeanguka, hutakuwapo kumwomba radhi."

Nilichonga mguu mwingine kwa siku tatu.

Lakini Fundi hakuwa na cheti, wala hakuweza kutoa. Mwenzetu mmoja, stadi kuliko sisi sote, alikwenda kuomba kazi. Akaulizwa karatasi, akarudishwa. Siku ile Fundi hakula. Sheria iliyoanzisha VETA ilipotungwa mwaka 1994, baadhi yetu tulikwisha kuacha randa. Mimi ni mmoja wao, nilishika kalamu.

Leo maduka ya mijini yamejaa makabati ya unga wa mbao uliogandamizwa, yanayovimba yakipata maji. Tunayanunua kwa kuwa yanang'aa. Je, si ile stuli yangu?

Jeneza la Fundi lilitengenezwa kwa mninga na wanafunzi wake waliotoka Bunda na Musoma, usiku kucha. Nami nilipewa randa. Mikono ilikuwa imesahau. Kijana mmoja wa Bunda, mwanafunzi wake wa mwisho, akanishika kiwiko: "Shikamoo, mzee. Usilazimishe. Fuata nyuzi za mbao." Yalikuwa maneno ya Fundi, neno kwa neno. Sikuwa nimeyasikia kwa miaka arobaini.

Ndugu msikilizaji, maazimio hupitishwa mkutanini, lakini kazi hurithishwa mkono kwa mkono. Wewe mwenye ufundi, mchukue kijana mmoja. Wewe mwajiri, kabla ya kuuliza karatasi, mpe ubao. Na sisi wanunuzi, tukikalie kiti kwanza ndipo tulipe.

Mungu amlaze Fundi mahali pema.