Bastola kuukuu na daftari lake: historia ya silaha ndogo Arua na Koboko

Mfanyabiashara anayeondoka Awindiri, Arua, alfajiri kwenda gulioni Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, au anayepanda kupitia Koboko hadi Oraba kuelekea Sudan Kusini, mara nyingi hubeba fedha taslimu. Barabara ni ndefu na mipaka ni miwili. Ndiyo maana wapo wanaotamani kuwa na kinga ya mfukoni: rivolva nyepesi isiyoonekana chini ya shati, na ikiwezekana iliyokwisha kutumika, kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Kabla ya kuulizia bei, inafaa kuijua historia. Katika West Nile, eneo la Uganda lenye Arua na Koboko, kila utawala ulioondoka uliacha silaha nyuma yake, na kila mara kilichopotea kwanza ni kumbukumbu ya nani alikabidhiwa nini. Silaha huishi muda mrefu kuliko karatasi zake, na wilaya hizi zimelipa sana kwa sababu hiyo.

Kutoka Wadelai hadi Lado

Mwaka 1885 Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyewekwa na serikali ya Misri, alihamishia makao yake Wadelai, kwenye ukingo wa Nile katika eneo ambalo leo ni West Nile. Vita vya Mahdi nchini Sudan vilikuwa vimemkatia njia ya kaskazini. Askari wake walikuwa na bunduki za Remington zilizoletwa na jeshi la Misri. Emin alipoondoka na Henry Morton Stanley mwaka 1889, wengi wa askari hao walibaki, na silaha zao zilibaki nao. Miaka miwili baadaye Kapteni Frederick Lugard aliwakuta chini ya Selim Bey karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika jeshi lake. Wazao wao ndio kiini cha jamii ya Wanubi wa Uganda.

Mataifa ya Ulaya yalikuwa yameanza kuogopa bunduki zisizokuwa mikononi mwao. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukaruhusu zaidi magobore ya zamani. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 nao uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila bunduki. Tangu mwanzo serikali ilitaka kujua silaha iko kwa nani.

Magharibi ya Nile hakukuwa na serikali ya kuuliza swali hilo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, na makubaliano yalikuwa kwamba litarudi atakapofariki. Alifariki Desemba 1909. Wabelgiji walipokuwa wakifungasha na Waingereza wakichelewa kufika, wawindaji wa tembo walimiminika humo kutafuta pembe. Miongoni mwa waliowahi kuwinda Lado ni W. D. M. Bell, aliyejulikana kama Karamoja Bell. Kwa miezi kadhaa mwenye bunduki hakuwa na wa kumwajibisha. Eneo likaingia chini ya Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huohuo mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, alianzisha kituo cha Arua.

Silaha ya mkubwa

Chini ya wakoloni, silaha ziligawanywa kwa cheo. Vijana wa Kikakwa na Kilugbara walijiunga kwa wingi na King's African Rifles. Askari alipewa bunduki na aliirudisha ghalani. Bastola ilikuwa ya afisa. Kwanza ilikuwa Webley, ambayo toleo lake la sita, la mwaka 1915, lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kuanzia mwaka 1932 jeshi la Uingereza likachukua Enfield ndogo zaidi, ya kipenyo cha .38.

Idi Amin, Mkakwa ambaye jina lake halitengani na Koboko, aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Alipotwaa madaraka Januari 1971, cheo na silaha vilifika mikononi mwa watu wengi wa West Nile kwa mara moja.

Wepesi una gharama

Rivolva ya mfukoni yenyewe ilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1950 kampuni ya Colt ilitoa Cobra, yenye bodi ya alumini na uzito wa takriban gramu 425. Smith & Wesson walifuata kwa bastola zao nyepesi walizoziita Airweight. Za kwanza zilikuwa hata na silinda ya alumini. Jeshi la anga la Marekani lilizinunua kwa ajili ya marubani, kisha likazikusanya na kuziharibu kwa sababu silinda hazikuhimili nguvu ya risasi. Silinda zikarudi kuwa za chuma, bodi zikabaki za alumini.

Mnunuzi wa bastola kuukuu anapaswa kulikumbuka hilo. Bodi ya alumini ya miaka ya 1950 haikutengenezwa kwa risasi zenye nguvu zinazouzwa sasa. Silinda inayocheza mbele na nyuma, au isiyokaa sawasawa na mtutu nyundo inaposhuka, ni dalili ya chuma kilichochoka. Bastola za zamani sana hazina kizuizi cha kuaminika kati ya nyundo na risasi. Mwaka 1944 baharia wa Marekani alikufa baada ya rivolva kuanguka na kufyatuka, na tukio hilo ndilo lililomlazimisha mtengenezaji wake kuweka kizuizi kipya.

Kuna mtego mwingine katika silaha zilizotokana na jeshi la Uingereza. Risasi ya .38 ya Waingereza si sawa na .38 Special ya Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bastola nyingi zilizotengenezwa kwa risasi ya Uingereza zilichongwa upya ili zipokee ile ya Marekani, na maganda yake huvimba au kupasuka yakifyatuliwa humo.

Ghala bila mlinzi

Utawala wa Amin ulikwisha Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Majeshi ya Tanzania na Waganda walioungana nao yalipofika West Nile, askari wa Amin walikuwa wamevuka kwenda Sudan na Zaire na silaha zao. Oktoba 1980 baadhi yao walirudi kwa mashambulizi, wakaingia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lililipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 lilishambulia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ambako familia zilikuwa zimekimbilia, na watu wengi wakauawa. Mamia ya maelfu walikimbilia ukimbizini.

Makundi ya waasi yaliyofuata, kuanzia UNRF ya Moses Ali hadi WNBF ya Juma Oris na UNRF II ya Ali Bamuze, yalirithi silaha hizo na kuongeza nyingine. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwafungulia mlango wapiganaji walioacha uasi, na tarehe 24 Desemba 2002 UNRF II ilitia saini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe. Wazee na akina mama waliosukuma mazungumzo hayo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Daftari linarudi

Sheria ya Silaha ya Uganda ni ya mwaka 1970: hakuna anayeruhusiwa kununua wala kumiliki silaha bila cheti. Mwaka 2004 Uganda iliungana na nchi jirani katika Itifaki ya Nairobi, inayozitaka nchi kuweka alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 8 Juni 2018, Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, alipopigwa risasi na kuuawa karibu na nyumbani kwake Wilaya ya Wakiso, pamoja na ndugu yake aliyekuwa mlinzi wake. Siku kumi na mbili baadaye Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama, yaani ile michirizi ambayo kila mtutu huacha kwenye risasi, ili silaha iliyotumika katika uhalifu itambulike. Arua ilikuwa imempoteza mbunge wake ndipo taifa likalikumbuka daftari.

Kwa hiyo anayefikiria bastola kuukuu aanze na karatasi, halafu chuma. Cheti chake kitoke polisi kabla fedha haijatoka mfukoni. Namba iliyo kwenye bodi ilingane na iliyoandikwa. Fundi anayetambulika aikague silinda, nyundo na aina ya risasi. Bastola isiyo na mwenyewe kwenye daftari iachwe, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, na iliyookotwa au kurithiwa kimyakimya ipelekwe kituoni. Huenda silaha ya namna hiyo ilikwisha kuua, na atakayeulizwa ni yule aliyekutwa nayo. West Nile imeona mara nne au tano silaha zikibaki baada ya wenyewe kuondoka. Kizazi hiki kina sheria, kina alama na kina amani ya kuyafanya yale ambayo waliotangulia hawakupewa nafasi ya kuyafanya.